Sufuria Ndiyo Inayouza
Mhadhara kuhusu nyumba, kamera na biashara ya usiku Eastlands

Waandalizi walinisihi nitumie Kiswahili safi. Nikawajibu kwamba Kiswahili nitakisafisha, ila mada yenyewe siwezi kuahidi. Aliyekuja na mtoto amtoe nje akacheze. Mimi nitangoja.

Nimekuja kuzungumzia vipindi vya uhalisia, vile vya runinga ambavyo tunaambiwa havina waigizaji wala maneno ya kukariri, na jinsi mtindo wake ulivyoingia katika biashara ya kuuza tamaa. Ofisini biashara hiyo inaitwa burudani ya watu wazima. Mtaani tunasema tu mambo ya usiku. Wengi wakisikia mada hii, mawazo yao hukimbilia Marekani. Yangu hukimbilia hapo Pumwani, kwenye kigoda mlangoni.

Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa Nairobi, wanawake kwa wanaume, na mwaka 1990 akachapisha kitabu kiitwacho The Comforts of Home, kuhusu ukahaba wa jiji hili enzi za mkoloni. Kinachonivutia zaidi kitabuni ni majina. Biashara ilikuwa na namna tatu, na zote zilikuwa na majina ya Kiswahili. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya alikaa chumbani kwake, ametulia, asimwite mtu. Mwanamume aliyebisha hodi alipata chai, maji ya kuoga, labda na chakula, na akaondoka asubuhi kama aliyetoka kwake. Neno malaya leo ni tusi la kurushiana kwenye foleni ya maji, lakini Pumwani ya miaka ya 1920 lilikuwa na heshima yake, na mwenye nalo alijua anamzidi nani. Halafu katika miaka ya 1930 wakaja wazi-wazi, wengi wao Wahaya kutoka upande wa Bukoba, Tanganyika. Hao walikaa nje ya milango yao mchana kweupe, wakataja bei kwa sauti. Mteja akijaribu kuondoka bila kulipa, sauti ileile iliita majirani.

Majirani wao wa namna ya malaya hawakuwapenda. Waliona hawa wanaanika kilichopaswa kukaa ndani. Lakini shikeni mambo mawili, maana nitayarudia. La kwanza, bei ilitajwa na mwenye mwili. La pili ni nyumba. Pumwani ilipoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ardhi ilikuwa ya manispaa, ila aliyepewa ploti alijenga nyumba ya udongo na fito ikawa yake, akapangisha vyumba. Wanawake wengi waliokuwa malaya walijenga. Wengine walisilimu, wakachagua warithi wao wenyewe nje ya koo walizoziacha. Wazi-wazi, kwa upande wao, pesa waliituma nyumbani, mashambani kwa baba zao. Kwa vyovyote, ile pesa ilikuwa na mahali pa kwenda, na mwenyewe alipajua.

Sasa turuke hadi nyumba nyingine.

Mwaka 1999, kule Uholanzi, kampuni ya Endemol ya John de Mol iliwafungia watu nyumbani ikawawekea kamera kila pembe. Jina la kipindi, Big Brother. Tarehe 25 Mei 2003 kikaja chetu: Waafrika 12 kutoka nchi 12 wakafungiwa katika jumba moja Johannesburg kwa siku 106, wakigombea dola 100,000. Mkenya alikuwa Alex Holi. Uganda ilimpeleka Gaetano Kagwa, Tanzania ikampeleka Mwisho Mwampamba, aliyemaliza wa pili nyuma ya Cherise Makubale wa Zambia. Wale wa umri wangu mnacheka, nawaona.

Mimi nilikitazama kwenye baa moja ya Jericho, kwa sababu ving'amuzi havikuwa vya kila nyumba. Mwenye baa alikuwa mzee mmoja mcha Mungu sana. Kulikuwa na kipengele cha kuoga. Kilipofika, mzee alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta, na aliifuta, jamani, mpaka ikang'aa, akiwa ameipa runinga mgongo lakini ameelekea kioo cha rafu ya chupa. Bunge la Malawi lilipiga kura Agosti mwaka huohuo kipindi kisionyeshwe kwenye runinga ya taifa. Makanisa ya nchi kadhaa yalilalamika. Kila aliyelalamika alilalamikia bafu.

Mimi kilichonikaa moyoni hakikuwa bafu. Usiku mmoja walikuwa wanapika, tu. Mtu anakata kitunguu, mwingine anamwambia umezidisha chumvi. Baa nzima imenyamaza, wanaume wazima na bia zao zikichacha, wanatazama watu wasiowajua wakigombana juu ya chumvi. Nilijiambia hapa pana kitu. Mwili tunaujua, kila mmoja wetu anao. Kuingia nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi ndiko kusikojulikana, na ndiko kulikokuwa kunauzwa.

Wafanyabiashara wa filamu za ngono waliligundua hilo hata kabla ya Endemol. Mwaka 1989 Mmarekani John Stagliano alianza mfululizo wake ambamo yeye mwenyewe ndiye aliyeshika kamera, akawa anasema na watu waliorekodiwa, mkono unatetemeka, mwanga mbovu. Mwaka huohuo, mwezi Machi, runinga ya Fox ilianza Cops, kipindi cha kamera inayokimbia nyuma ya polisi. Sitawaambia nani alimwiga nani, maana wote wawili walisukumwa na jambo lilelile, nalo ni gharama. Kamera ndogo za mkononi zilikuwa zimeshuka bei. Waandishi wa runinga Marekani walikuwa wamegoma mwaka 1988 kwa miezi mitano hivi, na Cops haikuhitaji mwandishi. Haikuhitaji mwigizaji wala jukwaa. Uhalisia ulizaliwa kwa sababu ulikuwa rahisi, ukweli ukaja kuwa jina lake la sokoni.

Kisha ikaja hesabu. Mwaka 1997 Joe Francis alianzisha kampuni ya Girls Gone Wild. Wapiga picha wake walikwenda kwenye sherehe za wanafunzi, wakawashawishi wasichana wajifunue mbele ya kamera, kisha kanda zikauzwa usiku kwa matangazo ya runinga. Msichana mara nyingi alipewa fulana au kofia. Kampuni ilipata mamilioni ya dola. Mwaka 2006 ilikiri mahakamani kwamba haikutunza rekodi za umri wa waliorekodiwa kama sheria ilivyotaka. Hapo ndipo mtindo ulipoonyesha meno. Mwigizaji husaini mkataba kwa sababu anajulikana kuwa mfanyakazi. Mtu wa uhalisia anaambiwa yeye hafanyi kazi, anajivinjari tu, na anayejivinjari analipwa nini?

Narudi nyumbani. Eastlands haikungoja king'amuzi. Maduka ya sinema ya Umoja na Kayole yalikuwa na kijana, kompyuta na rundo la sidii za kuchoma, na chini ya kaunta kulikuwa na nyingine za kuulizwa kwa jicho. Kijana mmoja aliyekuwa na duka la namna hiyo karibu na steji aliniambia kwamba filamu zenye vitanda vikubwa na mapazia ya hariri zilikaa hadi zikashika vumbi. Zilizotoka haraka ni zile mbovumbovu, za chumba kidogo, picha inayocheza. Wateja waliziulizia kwa kusema wanataka ya ukweli. Sijui kama zilikuwa za ukweli. Najua wengine walirekodiwa bila kujua, na hao hawakuwahi kuulizwa.

Mtindo haukuishia chini ya kaunta. Ulipanda matatu. Asubuhi, kwenye Barabara ya Jogoo, konda anapandisha sauti, na Patanisho ya Gidi na Ghost kwenye Radio Jambo inaingia: mtu ameomba apigiwe mkewe waliyeachana naye, simu inaita, mwanamke anapokea, na kabla hujafika Makadara unajua nani alilala nje na nani alichukua godoro. Kanuni za utangazaji za Mamlaka ya Mawasiliano zinazuia vipindi vya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Hazijavunjwa, kwani hakuna mwili wowote hapo. Kuna ndoa tu, imefunguliwa mapajani mwa abiria 14. Mimi hukisikiliza, sijifanyi mtakatifu. Nimewahi kupitiliza steji yangu nikingoja mume ajibu.

Runingani, K24 ilituletea Nairobi Diaries, wanadada wenye majina mjini wakirushiana maneno, na mara nyingine vinywaji. Februari 2023 Showmax ikaja na The Real Housewives of Nairobi, ya wenye pesa zao. Hivyo nitavipita haraka, kwa kuwa ni vya upande wa pili wa mji, na ugomvi wa jumba la Runda hauna njaa ndani yake.

Lakini Lamba Lolo siwezi kuipita. Mwaka 2018 vijana wa kundi la muziki la Ethic, watoto wa Umoja, walitoa video ambayo wataalamu wa video waliiona aibu: vijana wa mtaa, nguo zao za kila siku, kuta zetu. Kwa miaka mingi video za Nairobi zilikodi magari na mabwawa ya kuogelea ya watu. Hawa walisimama walipokuwa. Ilishika nchi, na mwaka uliofuata Wamlambez ya Sailors ikashika zaidi. Ezekiel Mutua, aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Filamu, alikemea lugha ya kitandani ya wimbo huo. Novemba 2019 Ethic wenyewe waliomba radhi kwa wimbo mwingine, Tarimbo, ulioshutumiwa kwa kushangilia ubakaji, na hapo waliokemea walikuwa na haki. Ila angalieni walichofundisha: ukuta usiopakwa rangi, ambao mama zetu waliufunika kwa kitambaa mgeni akija, ulikuwa bidhaa.

Sasa niwapeleke Pipeline, ghorofa ya sita.

Mnazijua ploti zile. Jengo na jengo vimeachana kiasi kwamba unaweza kumpa jirani chumvi dirishani, na saa sita mchana unawasha taa. Dada niliyemtembelea ana miaka 27. Alinipokea pamoja na binamu yake, tukakaa kitandani kwa kuwa kiti ni kimoja, na kiti hicho kina kazi. Kila usiku, saa tano ikipita, anaingia laivu mtandaoni. Nilimwomba anionyeshe anavyotayarisha, si anavyofanya.

Kwanza anatoa mitungi ya maji mlangoni ili asijikwae. Anawasha taa ya duara, aliyoinunua mtumba. Anaangalia kama tokeni za stima zitafika asubuhi. Kisha, na hapa nilisogea karibu, akachukua sufuria iliyokuwa juu ya meko, nyeusi chini, akaipeleka hatua mbili kulia, akatazama simu, akairudisha kidogo. Nilidhani anaiondoa. Alikuwa anaiingiza kwenye picha.

“Mwalimu,” akaniambia, “ukiweka shuka nyuma wanaona studio. Wakiona sufuria wanajua hapa ni kwa mtu.”

Hapa ni kwa mtu. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu runinga na sijakuta maelezo mafupi kama hayo. Huanza kwa kumenya viazi, anaongea, anacheka, anamsema mwenye ploti. Mtoto wa jirani akilia, zawadi za watazamaji huongezeka. Stima ikipotea akabaki na mwanga wa simu usoni, ndio usiku wa kulipwa. Wanaotaka zaidi ya maongezi huhamishiwa kwenye ujumbe wa faragha na programu nyingine, na pesa huja kwa M-Pesa. Huko sikumfuata na sikumuuliza. Kuna kitu kimoja tu nilichouliza: siku ambazo hana la kusema? Akasema anakosana na mtu. Wamepatana na rafiki yake wa ghorofa ya tatu, wagombane laivu Ijumaa, wapatane Jumapili. Kutafuta kiki, kwa lugha ya mjini. Nairobi Diaries ilihitaji prodyuza na gari la vifaa kwa kazi hiyo. Hawa wawili wanaipanga wakianua nguo.

Basi ule uhalisia una mwandishi. Ni yeye. Anaandika, anaigiza, anapanga jukwaa, anashika kamera, na kwa sababu kila kitu kimefanywa kionekane hakikufanywa, hakuna anayemhesabia kuwa amefanya kazi.

Na nani anataja bei? Nirudi kwenye kigoda, ambacho leo ni mtandao. Ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliikuta Kenya ikiongoza nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa. Agosti mwaka huo ombi la kuifungia lilifika Bunge la Taifa. Machi 2025 BBC ikachapisha uchunguzi kuhusu laivu za ngono zinazorushwa kutoka Kenya, ikaeleza kwamba TikTok hubaki na takriban asilimia 70 ya zawadi. Kampuni inakataza mambo hayo na kusema haiyavumilii. Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza uchunguzi. Baadhi ya wanawake waliozungumza na BBC walisema walianza wakiwa bado watoto, na kuhusu hilo sina falsafa ya kuwapa. Huo ni uhalifu, na wa kuulizwa kwanza ni watu wazima walionufaika, wa mtaani na wa ng'ambo.

Namzungumzia dada wa miaka 27. Sheria inamwona namna gani? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 181, inazungumzia machapisho machafu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 37, inaadhibu kusambaza picha za faragha za mtu, na hiyo ni sheria njema, ingawa wengi hapa hawajui ipo. Zote mbili zinatazama kile kamera ilichokiona. Hakuna inayomuuliza mwenye mtandao amelipa kiasi gani. Mzee wangu wa Jericho angeelewa: tunafuta kaunta, jicho liko kwenye bafu, na sanduku la pesa hakuna anayelitazama.

Dada huyo alifungiwa akaunti mara mbili na mtandao mmoja, na mara ya pili kulikuwa na zawadi ambazo hakuwa amezitoa. Wazi-wazi wa mwaka 1936 angesimama mlangoni akapiga kelele, majirani wakatoka, mteja akatoa pesa kwa aibu. Huyu alibonyeza kitufe cha malalamiko. Akapokea jibu kwa Kiingereza linalomshukuru kwa kuwa sehemu ya jumuiya.

Najua atakayesimama wakati wa maswali aniambie ninasifu ukahaba wa zamani. Sisifu. Wale wanawake walikamatwa, waliugua, walipigwa, na Pumwani haikuwa peponi. Ninachosema ni kidogo zaidi ya hicho. Walipouza raha za nyumbani, nyumba ilibaki kwao. Mtindo huu wa uhalisia unauza nyumba yenyewe: sufuria, kilio cha jirani, giza la stima, ugomvi wa Ijumaa. Kila kitu kinatoka ghorofa ya sita, na kinachorudi hakitoshi hata kununua ploti Kamulu.

Nilimrudia mwezi uliopita, nikamkuta anahama. Kodi imepandishwa. Chumba kitupu kilionekana kikubwa kuliko nilivyokikumbuka, na hapo ndipo nikaona kitu ambacho siku ile ya kwanza kilinipita. Ukuta wa upande wa meko alikuwa ameupaka rangi, waridi iliyokolea, nzuri, kwa pesa yake. Rangi ilianza usawa wa bega la mtu aliyekaa na kuishia pale taa ya duara inapoishia. Kuta nyingine tatu zilikuwa na saruji ileile aliyoikuta, na alama za moshi.

Mwenye ploti alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Alikuwa anamweleza kwamba pesa aliyoweka siku ya kuingia hatarudishiwa, kwa sababu ameharibu ukuta.